Naishi na furaha

Oliva aliisoma tena ile karatasi, akaigeuza nyuma kana kwamba huko kungekuwa na maelezo, kisha akaibwaga juu ya meza ya Getrude.

"Huyu mwanaume ataniua," alisema. "Na ataniua bila nukta."

Getrude alicheka hadi akashika mbavu. Alikuwa karani wa ofisi ya mradi wa maji, na mwaka ule wa tisini na tisa ofisi yake ilikuwa moja ya zile chache sana pale Ifakara zilizokuwa na kompyuta iliyofungwa kwenye waya wa simu. Kila mchana aliiunganisha, mashine ikalia kama kuku aliyekabwa, halafu barua pepe za wakubwa wa mradi zikaanza kuingia moja moja. Katikati ya hizo, mara kwa mara, iliingia ya Hilary kutoka Dar es Salaam. Getrude aliichapa kwenye karatasi, akaificha kwenye droo mpaka Oliva atoke kufundisha. Urafiki wao ulianzia shule ya msingi. Kwa rafiki wa namna hiyo, karatasi moja ya ofisi si kitu.

Iliyoingia Ijumaa hiyo ilisema hivi:

oliva mpenzi habari za kazi mimi mzima nimehama kule magomeni sasa nipo kinondoni naishi na furaha moyo umetulia kabisa jumamosi nakuja huko nionane na mzee akikataa tuachane na harusi kubwa wala hainisumbui akili hilary

"Mimi sioni tatizo," Getrude alisema, akijifuta machozi ya kicheko. "Anaishi na furaha. Mshukuru Mungu."

"Furaha gani?"

"Furaha furaha."

"Ya moyoni, au yule wa mapokezi?"

Kicheko cha Getrude kilikatika. Yule wa mapokezi alimjua, maana barua zote zilipitia mikononi mwake. Kwenye kampuni ya kompyuta alikoajiriwa Hilary kulikuwa na msichana anayepokea wageni, jina lake Furaha. Katika barua za karibuni alikuwa hakosekani: furaha kanisaidia kutafuta chumba, furaha kaleta chapati leo, furaha anakusalimu.

"Ah, hapana," Getrude alisema, lakini aliivuta karatasi akaisoma upya, safari hii polepole.

"Tazama mwenyewe! Kinondoni herufi ndogo. Jumamosi herufi ndogo. Mimi, mchumba wake, herufi ndogo. Sasa huyo furaha nitamjuaje kama ni mtu au ni hali ya moyo? Na hapa, angalia. 'Akikataa tuachane.' Tuachane mimi na yeye, au tuachane na harusi kubwa? Weka mkato hapa, nina mchumba. Weka nukta hapa, sina."

"Mwandikie umuulize."

"Saa hizi yuko njiani. Kesho anatua."

Oliva aliikunja karatasi akaitia kwenye mkoba pamoja na madaftari ya wanafunzi. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka yote ya kazi yake aliwaambia watoto kwamba alama ndogo zina uzito mkubwa. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja uzito huo ungemkalia yeye kifuani.

*

Kwao, mtaa wa Viwanja Sitini, aliingia na kumkuta baba yake barazani. Mzee Stanislaus alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alistaafu shule, lakini hakustaafu ualimu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

"Hilary anakuja kesho. Anataka kuzungumza na wewe."

"Kanitumia taarifa kwa njia gani? Mbona mimi sijaona barua?"

"Kaniandikia mimi, baba. Kwenye kompyuta."

Mzee alinyoosha mkono. Katika nyumba ile, mkono wa Mzee Stanislaus ukinyooshwa, kilichotakiwa kilitolewa. Akavaa miwani, akasoma huku midomo ikichezacheza, na alipofika mwisho akavuta pumzi ndefu, maana barua yenyewe haikumpa nafasi ya kuvuta yoyote.

"Oliva," alisema, "siku ya ubatizo wako niliandika jina lako mwenyewe kwenye cheti, kwa herufi kubwa. Huyu anakuandika kama vile anaandika chumvi, au sabuni. Mtu anayekupunguza kwenye karatasi, ndani ya nyumba atakufanyaje?"

"Ndivyo wanavyoandikiana huko kwenye kompyuta, baba." Alishangaa kusikia anamtetea mtu ambaye dakika chache nyuma alitaka kumkaba koo.

"Venance mbona aliandika vizuri?"

Oliva alifumba macho. Venance alikuwa mwalimu mwenzake wa hesabu, na mwaka uliopita alileta barua ya posa ambayo baba yake bado aliisifia kila wageni wakija.

"Na hili la 'akikataa tuachane' ni nini? Kumbe ni mwepesi kiasi hicho? Nikikohoa tu, anaachia?"

Yosefina, mama yake Oliva, alikuwa ameketi mkekani mlangoni, anachambua mboga. Hakuinua uso.

"Mpunga uende mashineni kesho mapema," alisema. "Mgeni atakula."

*

Ilikuwa msimu wa mavuno, na Ifakara yote ilinukia mpunga. Kwenye mashine ya kukoboa ya Marselino foleni ya akina mama ilikuwa imeshafika barabarani, kila mmoja na gunia lake. Injini ilinguruma, pumba zikaruka na kumpaka kila mtu vumbi la rangi ya dhahabu. Oliva alisimama karibu na mlango, kitambaa kichwani, akipanga maneno ya kumwambia Hilary. Aliyapanga vizuri, kwa utaratibu, kama insha: utangulizi, kiini, hitimisho.

Kisha akamwona.

Alikuwa anavuka barabara akitokea upande wa stendi, begi begani, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa yaleyale, makubwa, yenye usingizi kidogo, macho ambayo yakimtazama Oliva yalimfanya asahau alikoweka mikono yake. Insha yote ikamtoka kichwani.

"Nimepita kwenu, mama akaniambia uko huku!" Hilary alipaza sauti kushinda injini. Akatabasamu. "Umependeza!"

"Nimejaa pumba!"

"Nini?"

"PUMBA!"

"Hata kama!"

Alinyoosha mikono kumpokea. Oliva akarudi nyuma hatua moja. Tabasamu la Hilary likabaki limening'inia, halina pa kwenda.

"Oliva, kuna nini?"

"Nilipata barua yako!"

"Ehe! Si umefurahi?"

"Nifurahi? Hilary, ile barua uliandika ukiwa macho?"

"Sikusikii!"

"Nimesema, HUYO FURAHA NI NANI?"

"Furaha?" Hilary alikunja uso. "Si nimekuandikia! Naishi na furaha!"

Oliva alimsogelea. Akavuta pumzi, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "SASA KAMA UNALALA NA MWANAMKE MWINGINE HUKU KWETU UMEFUATA NINI?"

Sentensi ile ilianza mashine ikinguruma. Ilimalizika mashine ikiwa kimya. Marselino alikuwa ameizima ili abadilishe mkanda.

Foleni nzima iligeuka. Mama mmoja aliteremsha ndoo taratibu ili asipitwe na neno. Marselino mwenyewe alichungulia dirishani, spana mkononi.

"Endeleeni tu," alisema. "Mkanda huu utachukua muda."

"Dada zangu, shikamooni," Hilary aliwaambia wale akina mama. Kisha akamgeukia Oliva na kusema kwa kunong'ona, "Mwanamke gani?"

Oliva alitoa karatasi kwenye khanga aliyojifunga kiunoni, akamwekea chini ya pua. Hilary alisoma. Akasoma tena. Oliva alimwona midomo ikifika kwenye lile neno na kuganda.

"Mungu wangu," Hilary alisema. "Furaha. Furaha ya moyo, Oliva! Nimepata chumba changu mwenyewe, hakuna kelele, hakuna wa kugombea naye choo. Nikasema naishi na furaha. Yule Furaha wa ofisini ana mume na watoto mapacha!"

"Mimi nitajuaje?"

"Utajuaje? Kwa sababu unanijua!"

"Nakujua wewe. Ile karatasi siijui. Ukiwa hapa mbele yangu nakuona macho, nasikia sauti imepanda, imeshuka. Huko kwenye kompyuta huna macho wala sauti. Kilichobaki ni nukta na herufi kubwa, na hizo nazo unaninyima!"

"Hakuna anayeandika herufi kubwa kule. Ni maongezi tu, kama hivi mimi na wewe. Mtu akitaka kuongea na mchumba wake, avae suti kwanza?"

"Asivae suti. Avae hata suruali!"

Akina mama waliangua kicheko. Hata Hilary kidogo acheke, lakini alijizuia, na Oliva aliona kitu kingine kikipita usoni mwake. Kilikuwa kitu cha zamani, kilichokaa ndani siku nyingi.

"Sawa," Hilary alisema polepole. "Makosa yangu nimeyaona. Sasa na mimi nikuulize. Kwaresima ile nilipougua malaria, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilitoka hospitali nikaenda moja kwa moja kukuandikia. Mikono inatetemeka, naona herufi mbilimbili. Nikakwambia nilidhani nakufa, na kwamba usiku ule jina lililonijia lilikuwa lako. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Oliva aliinamia pumba miguuni. Alikumbuka.

"Uliniandikia, 'Hilary, ni nimelazwa, si nimelezwa. Na aya yako haina nukta hata moja.' Halafu mwishoni kabisa ndiyo ukaniambia pole."

"Nilikuwa natania. Nilikuwa nimeogopa, nikatania."

"Mimi nitajuaje?" Hilary alisema. "Kila nukta ilikuwa mahali pake. Ilionekana barua ya mtu aliyetulia kabisa."

Mama mwenye ndoo alitikisa kichwa, haikujulikana anamhurumia nani. Oliva alitamani injini ingurume ifunike aibu yake, lakini Marselino alikuwa amesahau kazi.

"Na 'tuachane'?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Tuachane na harusi kubwa. Kumwacha nani, mimi? Nimekaa kwenye basi tangu jana, magoti yamekufa ganzi, halafu nije nikuache kwenye pumba?"

Oliva alimtazama. Alitaka kucheka na alitaka kumpiga na ungo, na hakujua kipi kianze. Mkanda ukafungwa, injini ikanguruma tena.

"Beba gunia," alisema. "Zamu yetu imefika."

*

Mzee Stanislaus aliwapokea barazani akiwa amevaa koti, kwenye joto lile. Hilary aliinama akamwamkia, akakaribishwa kiti, akapewa maji. Kisha Mzee akavaa miwani.

"Kijana, nimesoma maandishi yako."

"Ndiyo, baba. Naomba radhi."

"Radhi ya nini? Eleza kosa."

"Sikuweka nukta, baba. Wala mkato. Wala herufi kubwa."

"Jina la binti yangu linaanza na nini?"

"O, baba."

"O ipi?"

Oliva alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Alimwona Hilary, mwanaume mzima, fundi wa mashine ambazo nusu ya mji ule haijawahi kuziona, anajibu kama mtoto wa darasa la kwanza.

"O kubwa, baba."

"Basi Venance, ambaye ni mwalimu—"

"Baba!"

Vikombe vililia juu ya sinia. Wote wawili waligeuka.

"Baba, naomba uniwie radhi, lakini nimechoka. Barua ya Venance niliisoma yote. Haikuwa na kosa hata moja. Nilipofika mwisho, nilikuwa sikumbuki imesema nini. Ya huyu hapa nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Imenikosesha usingizi, imenitia wazimu, nimepiga kelele mashineni mbele ya mji mzima. Na nikiipata nyingine ya namna hiyo nitamgombeza tena, kwa sababu maandishi yake ni mabaya, mabaya kabisa! Lakini ugomvi huo ni wangu mimi na yeye. Usiugeuze kuwa mtihani wa kuolewa."

Mzee Stanislaus alivua miwani. Hakuwahi kusemeshwa hivyo barazani kwake.

"Mimi natetea heshima yako," alisema.

"Najua, baba."

"Na yeye hajaileta heshima. Mtu anakuja kuzungumza habari za ndoa peke yake! Hana mshenga, hana mzazi. Katembea kutoka stendi na begi kama muuza dawa za panya."

Hapo Yosefina alitoka jikoni, anajifuta mikono kwa khanga. Harufu ya wali na kambale wa kuchoma ilitoka pamoja naye. Alimtazama Hilary kwa muda, kama anayemwona kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kweli, mwanangu," alisema. "Mbona uko peke yako? Mama yako yuko wapi? Hapa na kwenu Mang'ula si mbali."

Hilary aliinamisha kichwa.

"Mama yuko kitandani, mama. Aliteleza kwenye tuta la shamba wakati wa kuvuna, akavunjika mguu. Baba hawezi kumwacha. Waliniambia nisubiri apone, lakini niliona nikisubiri tena nitaonekana sina nia."

"Lini?" Oliva aliuliza.

"Wiki mbili zilizopita."

"Wiki mbili! Hilary, na hukuniambia? Umeandika habari za chumba, habari za harusi, mguu wa mama hukuuandika?"

Hilary alimtazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake, na hilo ndilo lililomuuma Oliva zaidi.

"Nilianza kuuandika. Nikafuta. Mara ya mwisho nilipokuandikia habari ya ugonjwa, nilirudishiwa makosa. Nikasema hili nitakuja kulisema kwa mdomo."

Sinia lilikuwa zito ghafla. Oliva aliliweka chini. Alikumbuka namna mama yake Hilary alivyomshika mkono siku ile ya kwanza walipoonana, akauzungushazungusha na kuucheka kwa ulaini wake. Mwanamke yule alikuwa amelala wiki mbili, na mkwe wake mtarajiwa alikuwa akihesabu mikato.

"Samahani," alisema. Lilitoka kama pumzi. "Samahani, Hilary."

Mzee Stanislaus alikohoa. Akaitazama miwani mkononi mwake, akaitia mfukoni.

"Mguu wenyewe umefungwa vizuri?" aliuliza.

"Umefungwa, baba. Lakini maumivu bado."

Yosefina hakusubiri zaidi. Aliingia ndani, na walimsikia akifungua sanduku. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka, viatu miguuni, kikapu mkononi. Ndani ya kikapu kulikuwa na mchele mpya, bado una joto la mashine, na kambale waliofungwa kwenye majani ya mgomba.

"Unakwenda wapi?" Mzee aliuliza.

"Mang'ula. Kumwona mgonjwa."

"Yosefina! Upande wa mwanamke hautangulii kwenda kwa wanaume! Watu watasema tunampeleka binti."

"Wakisema, waambie nimekwenda kumpa pole mwanamke mwenzangu aliyevunjika mguu. Nyie kaeni hapa na herufi zenu. Oliva, chukua khanga mbili. Tutarudi na gari la jioni."

"Na chakula?" Mzee alisema, akishangaa. "Mgeni hajala!"

"Mgeni atakula kwao, na sisi tutakula naye. Wewe wali wako uko kwenye sufuria."

Alishuka barazani bila kugeuka. Hilary alimtazama Mzee, akamtazama Oliva, hajui amfuate nani. Oliva alimshika mkono mbele ya baba yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamvuta.

Walikuwa wamefika nyumba ya tatu waliposikia viatu vizito nyuma yao, vikija haraka kwenye vumbi. Mzee Stanislaus aliwapita pasipo kuwatazama, koti limefungwa vifungo vyote, kofia kichwani, akamfikia mkewe na kumpokonya kikapu.

"Nani atawasalimia wazee wa kule kwa niaba yetu?" alinguruma. "Wewe?"

"Nilikuwa najiuliza utachukua muda gani kuvaa kofia," Yosefina alimjibu.

Wakaendelea mbele, wanabishana kwa Kipogoro, sauti zikipanda na kushuka. Hilary na Oliva walibaki nyuma kidogo. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wa Hilary, na wote wawili walijifanya hawajui.

"Oliva," Hilary alianza, "nilitaka kusema—"

"Usiseme kitu. Nimechoka na wewe mpaka hapa." Aligusa kooni.

"Sawa."

Walitembea. Mbele yao utingo wa basi alikuwa ameanza kuita abiria wa Mang'ula. Mzee Stanislaus alikuwa amenyanyua kofia juu na kuipunga, analizuia gari zima liwasubiri.

"Hilary."

"Naam."

"Tembea haraka," Oliva alisema. "Nisije nikafika kwa mama mkwe nikiwa wa mwisho."